Mlinzi aliyebaki uwanjani

Usiku wa Februari 22, 1921, rubani Jack Knight aliruka kutoka North Platte, nchini Marekani, akiwa na mifuko ya barua. Posta ilitaka kuonyesha kuwa barua zinaweza kuvuka bara zima kwa ndege, usiku na mchana. Siku hiyo hiyo rubani mwenzake, William Lewis, alianguka na kufa huko Nevada.

Ndege ya Knight haikuwa na paa wala redio. Baridi ilimpiga usoni, na njia aliitambua kwa mioto waliyoiwasha wafanyakazi wa posta na wakulima.

Saa saba usiku alitua Omaha. Rubani wa kumpokea hakuwapo. Hali mbaya ya hewa ilikuwa imemzuia. Knight hakuwahi kuruka njia ya Chicago, lakini alichukua ramani ya barabara akaondoka tena. Des Moines theluji ilimzuia kutua. Akasonga mbele hadi Iowa City, mafuta yakiwa machache.

Huko wafanyakazi walikuwa wamekwenda zao, wakidhani safari imeahirishwa. Alibaki mlinzi wa usiku peke yake. Aliposikia mngurumo angani, akawasha moto. Knight akatua salama. Asubuhi alifika Chicago, na marubani wengine wakazipeleka barua hadi New York. Tangu San Francisco zilitumia saa 33 na dakika 20.

Taifa lilimshangilia Knight, na alistahili. Lakini bila yule mlinzi, huenda tungesimulia msiba wa pili.

Mlinzi hakujua kama kuna mtu atakuja. Alikuwa zamu tu. Katika Luka 12, Yesu anawaita heri watumwa ambao bwana wao atawakuta macho, taa zao zikiwaka, hata akichelewa sana.

Labda nyumbani kwako yuko kijana aliyeondoka kwa hasira, na jamaa wameshakata tamaa. Labda ni ndugu aliyeacha ibada, na jina lake halitajwi tena katika maombi ya jumuiya. Wengine wamekwenda kulala. Wewe usizime taa. Endelea kumwombea, na simu yake ikiita usiku, ipokee.

Huenda yuko angani sasa hivi, mafuta yanamwishia, anatafuta moto mmoja tu.

Jumapili njema.