Koki ya Shawa: Ng'oa Matumbo, Uache Ukuta

Wateja wangu wengi huwa wameshakata hukumu kabla sijafika. "Fundi, njoo na koki mpya, hii ya bafuni imekwisha." Nami huenda na mkoba wenye spana, washa na tepu, koki mpya nikaiacha dukani. Kazi yangu ni ya mabomba, Taveta mjini na vijiji vya wadi ya Chala, na mara moja moja naitwa Voi. Koki nyingi nilizokuta zimetupwa nyuma ya nyumba zilikuwa na ugonjwa wa kipande cha mpira kisichofika bei ya mkate. Aliyezing'oa alivunja taili sita au nane kuzifikia, na taili za miaka ile hazipatikani tena, si Taveta, si Voi, wala ukivuka Holili ukaenda kuzisaka Moshi. Ndiyo maana unaona mabafu yenye kiraka cha rangi nyingine katikati ya ukuta.

Mfereji wa jikoni unafunguliwa kwa mkono mmoja na kubadilishwa kabla chai haijapoa. Koki ya shawa imezikwa. Kwa hivyo nikifika siulizi imeharibika kiasi gani, nauliza imeharibika wapi. Koki ina mwili, ambao ni kile chuma kilichofungwa na paipu ndani ya plasta, na ina matumbo, yaani kile kinachopanda na kushuka au kuzunguka unaposhika mkono wake. Matumbo hutoka kwa mbele, kupitia tundu lilelile la mkono, na hakuna taili inayoguswa.

Matumbo yako ya aina mbili kubwa. Kuna ya kuzungusha mara nyingi, yenye msumari wa uzi na washa ya mpira inayokandamizwa juu ya kiti cha brasi. Hii ni ya kale: kiwanda cha Guest and Chrimes cha Rotherham, Uingereza, kilianza kuitengeneza mwaka 1845, na mpaka leo ukiingia duka lolote la vifaa vya ujenzi ukasema "washa ya nusu inchi" hakuna atakayekuuliza swali la pili. Kuna na ya mkono mmoja, moto na baridi pamoja, ambayo wengi huiita mikisa. Mmarekani Alfred Moen alianza kuiwaza mwaka 1937 baada ya kuunguzwa na maji, na ikaingia sokoni miaka kumi baadaye. Ndani yake mna katriji. Za siku hizi nyingi zina visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na kila kampuni ina kipimo chake. Hapo ndipo shida ya spea inapoanzia.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Chala aliniambia shawa yake inadondoka usiku kucha, basi nilete mpya tu. Nikamwomba aifunge tukae nje kidogo.

"Tunasubiri nini, fundi?"

"Tunasubiri maji yaliyobaki kwenye paipu ya juu yaishe, mwalimu. Yakiisha na bado inadondoka, hapo ndipo tuna la kuzungumza."

Shawa nyingi zinazosemwa zinavuja zinamwaga tu maji yaliyosalia kichwani, na hukoma zenyewe. Ya mwalimu haikukoma. Tukaweka kikombe cha chai cha robo lita chini yake, kikajaa kwa saa moja. Mwalimu wa hesabu hahitaji kusaidiwa: lita 6 kwa siku, 180 kwa mwezi, mitungi tisa ya lita ishirini. Kwa mtu anayenunua maji kwa mtungi wakati wa kiangazi, hesabu hiyo inauma. Nilifunga maji kwenye tangi, nikafungua mkono, nikatoa msumari. Washa ilikuwa imechimbika mviringo, ngumu kama kwato. Nikatia kidole kukagua kiti. Kiti kikiwa laini, washa mpya inatosha. Kikiwa na mkwaruzo, washa mpya itakatika kabla ya mwezi kwisha, na wewe utasema fundi ni mwizi. Kuna kifaa kidogo cha kusagia kiti kikawa sawa tena; fundi asiyekuwa nacho ndiye anayekimbilia nyundo. Cha mwalimu kilikuwa na mkwaruzo mmoja tu, nikakisaga, tukafunga.

Maji yakitoka kwenye shina la mkono badala ya kichwani, washa haina kosa. Ni mpira wa pete au uzi wa kuziba uliochoka. Kaza nati kidogo, au badilisha hiyo pete. Mkono ukizunguka bure bila maji kubadilika, pengine ni meno ya mkono wenyewe yaliyolika, nao huuzwa peke yake. Maji yakitoka kama ya mtoto kukojoa, anza kichwani pa shawa kabla hujailaumu koki: kifungue, kiangalie matundu.

Matundu hayo huzibwa na maji yetu wenyewe. Ziwa Chala, lile la kwenye kreta tunalogawana na Tanzania, halina mto unaoingia wala unaotoka. Maji yake huja kwa chini, mvua iliyonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro ikapenya katika mawe ya volkeno. Chemchemi za Njoro Kubwa, zinazonywesha mashamba ya ndizi ya Taveta, ni watoto wa mlima huohuo. Voi ina bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 kupeleka Mombasa maji ya chemchemi za Tsavo Magharibi, ambayo asili yake ni mvua ya vilima vya Chyulu. Bomba likikauka watu hurudi kwenye visima virefu, na visima vingi vya Voi ni vya chumvi. Maji yaliyokaa sana ndani ya mwamba hutoka na madini, na madini hayo huganda. Tazama birika lako, ule ukoko mweupe wa chini ndio uliomo ndani ya koki. Yakichemshwa huganda zaidi, kwa hivyo kwenye mikisa upande wa moto ndio hutangulia kukwama.

Basi mikisa ikiwa ngumu kuzungusha, usiilazimishe kwa spana ndefu. Toa katriji, ondoa mipira yake, ilaze kwenye siki usiku mmoja, isugue kwa mswaki wa zamani. Ukiirudisha paka mipira grisi ya silikoni. Watu hupaka mafuta ya kujipaka au ya kupikia, na kwa siku mbili inateleza vizuri sana. Halafu mpira unavimba na koki inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kama visahani vya kauri vimekwaruzwa na mchanga, siki haitasaidia kitu. Nunua katriji nyingine, lakini nenda na ile kuukuu mkononi, usiende na picha kwenye simu. Tofauti ya milimita mbili haionekani kwenye picha, na kutoka Taveta hadi Voi ni kilomita 110 hivi za kujutia.

Sasa, mwili nao hufa. Ukiona rangi ya ukuta wa upande wa pili inafura au plasta inatoka jasho hata koki ikiwa imefungwa, mwili au kiungo chake kinavuja ndani, na hapo matumbo hayana kesi ya kujibu. Ukiifungua ukakuta brasi imegeuka nyekundu yenye vitundu vitundu kama sifongo, zinki imelambwa na maji, imebaki shaba isiyo na nguvu. Ukiikaza itapasuka mkononi. Uzi ukiwa umelika kiasi kwamba msumari haushiki, hakuna dawa. Na mikisa ambayo katriji yake haiuzwi mahali popote unapoweza kufika ni maiti hata kama inang'aa. Katika hali hizo mimi mwenyewe ndiye ninayesema tubadilishe, na nasema mapema, kwa sababu kulipa fundi mara tatu kwa koki iliyokufa ni hasara kubwa kuliko taili.

Ukifika dukani usidanganywe na kromu. Chungulia ndani, kwaruza uzi kwa ncha ya bisibisi: brasi ni ya njano, aloi ya zinki ni ya kijivu. Ya kijivu ni nyepesi, ni rahisi, na kwa maji ya kisima cha chumvi singeizika ukutani mwa adui yangu.

Jingine ni presha. Kila mita kumi za kimo cha maji hukupa ba moja. Tangi lako likiwa mita tatu juu ya kichwa cha shawa, una ba 0.3. Mikisa za kifahari huandikwa kwenye boksi presha ya chini inayohitajika, mara nyingi nusu ba au ba nzima. Mtu anang'oa koki yake ya kale iliyokuwa ikimwaga vizuri, anaweka inayong'aa, halafu anaoga kwa matone. Na ndugu zetu walioko Marekani wanaoleta mikisa kwenye sanduku, ahsanteni, lakini ulizeni kwanza. Uzi wa nusu inchi wa Marekani na huu wetu wa Kiingereza zote zina meno 14 kwa inchi, ila pembe ya jino la kwao ni digrii 60 na la kwetu ni 55. Unaingia, unakaza, unafurahi, halafu unavuja.

Wenye shawa ya umeme ya papo kwa papo, zima swichi kuu kabla ya kugusa chochote, hata kama ni koki tu unayotaka. Na kama maji ni ya chumvi, maduka yetu huuza aina maalumu ambayo waya wake wa moto umefunikwa, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Katika hilo sina mzaha na mteja.

Mwili ukishahukumiwa, zunguka nyumba kabla ya kuinua patasi. Mara nyingi nyuma ya koki ni ukuta wa nje au wa chumba cha kulala, plasta na rangi tu. Vunja huko. Taili zinabaki, na kiraka kinapakwa rangi siku ya pili. Ukiwa hapo ndani weka koki ya kufungia kwenye paipu inayoingia bafuni, ili siku nyingine usilazimike kufunga tangi la nyumba nzima. Acha kidirisha cha mbao chenye skrubu mbili badala ya kuziba kwa saruji. Asiyetaka kidirisha apige picha ya paipu kabla ya plasta, futi ikiwa imelazwa kando yake kuonyesha vipimo, na hiyo picha amtumie fundi pia, maana simu hupotea.