Farasi wa Japani: Kutoka Vitani Hadi Sherehe

Mpenzi msomaji, ukitajiwa Japani, akili yako hukimbilia wapi? Bila shaka hukimbilia magari, pikipiki, redio na saa. Ndiyo Japani tunayoijua barabarani na madukani. Lakini kabla ya injini kunguruma katika visiwa vile, palikuwa na mnyama mmoja aliyewabeba mashujaa vitani, akalima mashamba ya mpunga na hata akapelekwa mbele ya miungu. Mnyama huyo ni farasi. Siku hizi kazi zake nyingi zimechukuliwa na mashine. Mbona basi Wajapani hawajamsahau? Mbona kila mwaka wanamvisha nguo za fahari na kumtembeza mjini kama bibi harusi? Na je, sherehe hizo zinamfaa nani hasa, mtu au farasi? Hebu tufuatane polepole, hatua kwa hatua.

ALIKOTOKA

Farasi si mwenyeji wa tangu na tangu huko Japani. Wachina walioandika habari za visiwa hivyo katika karne ya 3 walisema kwamba huko hakuna farasi wala ng'ombe. Karibu na mwisho wa karne ya 4 na kuingia karne ya 5, farasi wakaanza kuvushwa baharini kutoka rasi ya Korea, pamoja na watu waliojua kuwafuga na kuwatengenezea tandiko na hatamu. Tunajuaje? Wakuu wa zama hizo walizikwa katika makaburi makubwa kama vilima, na juu yake zikapangwa sanamu za udongo wa kuchoma ziitwazo haniwa. Miongoni mwake wamo farasi, wamefungwa tandiko barabara, na njuga zikining'inia vifuani.

Sasa usimwazie yule farasi mrefu wa sinema za Marekani! Farasi wa asili wa Japani ni wafupi na wanene, wenye miguu imara ya kupanda milima. Wengi wao hufika kama sentimita 130 tu mabegani. Wako hata wa aina ya Noma, ambao hawazidi sana sentimita 110. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kusimama kando ya mmoja wao na kutazama ng'ambo ya pili bila ya kujinyoosha. Lakini udogo si hoja. Kidogo cha pilipili huwasha.

FARASI NA MIUNGU

Katika dini ya jadi ya Wajapani, yaani Shinto, farasi alihesabiwa kuwa kipando cha miungu. Kwa hiyo watu walipokuwa na haja kubwa walimpeleka hekaluni kama sadaka. Mvua ikikatika, walitoa farasi mweusi, mwenye rangi ya wingu. Mvua ikizidi na mafuriko yakatisha, walitoa farasi mweupe ili jua litoke.

Lakini ni wangapi wana uwezo wa kutoa farasi mzima? Mnyonge naye ana shida zake, tena pengine zinamzidi tajiri. Basi ikapatikana njia: badala ya farasi mwenyewe, mtu akatoa kibao kilichochorwa farasi. Vibao hivyo huitwa ema, neno lenye maana ya "picha ya farasi". Hadi leo ukiingia katika mahekalu ya Japani utaona mamia ya vibao vimetundikwa, na wanafunzi nao wanaviandika wakiomba wafaulu mitihani! Vibao vingine siku hizi havina picha ya farasi hata kidogo, ila jina limebaki lile lile. Wanaisimu wetu wa klabu, mnaona jinsi neno linavyoweza kuhifadhi historia ambayo macho hayaioni tena?

FARASI VITANI

Wengi wetu tukisikia "samurai" tunawaza upanga. Kumbe samurai wa mwanzo alikuwa hasa mpiga mishale juu ya farasi, na maisha yake yaliitwa "njia ya upinde na farasi".

Kipo kisa mashuhuri cha mwaka wa 1184, kinachosimuliwa katika utenzi wa kale uitwao Heike Monogatari. Kiongozi Minamoto no Yoritomo alikuwa na farasi wawili wa sifa, Ikezuki na Surusumi. Askari wake Kajiwara Kagesue alimwomba Ikezuki, akanyimwa, akapewa Surusumi. Baadaye Ikezuki akapewa mwenzake, Sasaki Takatsuna. Wivu ukaanza hapo! Walipofika Mto Uji, kila mmoja alitaka awe wa kwanza kuvuka na kumkabili adui. Kagesue alikuwa ametangulia kidogo. Takatsuna akamwita, "Ndugu yangu, mkanda wa tandiko lako umelegea, utaanguka majini." Kagesue akasimama kuukaza. Loo! Takatsuna akampita, akaingia mtoni na Ikezuki wake na kufika ng'ambo wa kwanza. Sungura wa hadithi zetu angemvulia kofia.

Mwaka wa 1187 Yoritomo huyo huyo aliandaa mashindano ya mishale mbele ya hekalu la Tsurugaoka Hachimangu, mjini Kamakura. Mchezo huo unaitwa yabusame, nao unachezwa hadi leo, na mjini Kamakura huchezwa kila mwezi wa Septemba. Mpanda farasi hukimbia katika njia nyembamba iliyonyooka, huku kumepangwa shabaha tatu kandokando. Huachia hatamu kabisa! Mikono yote miwili ina kazi ya upinde, kwa hiyo humwongoza farasi kwa magoti na mapaja tu. Akilipua shabaha ya kwanza, lazima achomoe mshale wa pili na kuuweka tayari kabla farasi hajaifikia shabaha inayofuata. Yote hayo ni sekunde chache. Hapo ndipo unapofahamu kwamba mtu na farasi wakikosa kuaminiana, hakuna mchezo.

Lakini vita vina ukatili wake. Mwaka wa 1575, huko Nagashino, askari wa farasi wa ukoo wa Takeda waliokuwa wakiogopwa nchi nzima walivamia safu za Oda Nobunaga. Nobunaga alikuwa amejenga uzio wa miti, na nyuma yake akawapanga watu wenye bunduki. Yaliyofuata hayahitaji maelezo. Baruti haijali ushujaa wa mtu wala mbio za farasi. Na baada ya mwaka wa 1603 Japani ilipata amani iliyodumu zaidi ya miaka mia mbili, basi farasi wa vita akabaki wa gwaride.

FARASI SHAMBANI

Mkulima hakuwa na habari za gwaride. Kwake yeye farasi alikuwa mikono na miguu. Katika eneo la Nanbu, kaskazini mwa Japani, nyumba zilijengwa kwa umbo la kona, upande mmoja wanalala watu na upande mwingine farasi, chini ya paa moja. Baridi ya huko ni kali, na mwenye nyumba alitaka kumsikia farasi wake akikohoa usiku.

Kutokana na mapenzi hayo ikazaliwa sherehe ya Chagu Chagu Umakko. Kila mwaka mwezi wa Juni, makumi ya farasi waliovishwa nguo za rangi na njuga nyingi huandamana kwa karibu kilomita 14, kutoka hekalu moja la Takizawa hadi jiji la Morioka, watoto wakiwa wamepanda juu. Je, "chagu chagu" ni nini? Ni tanakali ya sauti! Ndiyo mlio wa zile njuga farasi anapotembea. Na "umakko" ni neno la lahaja ya huko la kumtaja farasi kwa mapenzi. Shabaha ya sherehe ni kumwambia farasi ahsante kwa kazi ya kulima na kumwombea afya. Sisi tunasema fadhila ya punda ni mateke. Tafakari basi: mara ngapi punda mwenyewe ndiye aliyefanya kazi, na mateke yakatoka kwa binadamu?

ALIPOKARIBIA KUTOWEKA

Baada ya mwaka wa 1868 Japani iliamua kujijenga kwa mtindo wa Ulaya, na jeshi likataka farasi warefu wa kuvuta mizinga. Wale wafupi wa kienyeji wakaonekana takataka. Madume ya kigeni yakaletwa kuwapanda majike ya kienyeji, na mwaka wa 1901 ikatungwa sheria ya kuwahasi madume yasiyochaguliwa kuzalisha. Mbegu ya farasi wa Nanbu ikapotea kabisa. Maelfu kwa maelfu ya farasi wengine walipelekwa vitani Uchina na wasirudi. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, matrekta nayo yakaja kuwanyang'anya walionusurika kazi ya shamba.

Farasi wa Kiso, wa milima ya kati, walibaki kwenye ncha ya uzi. Dume halisi lilitafutwa kila upande. Likapatikana wapi? Hekaluni! Farasi mmoja aitwaye Shinmei hakuwa amehasiwa kwa kuwa alikuwa farasi mtakatifu wa hekalu. Mwaka wa 1951 akazaliwa mwanawe, Daisan Haruyama, na kutoka kwake ukoo wa Kiso ukafufuka. Kile ambacho serikali ilikidharau, mila ilikuwa imekificha mfukoni. Leo zimebaki aina nane tu za farasi wa asili, na wote kwa jumla hawafiki 2,000.

JE, SHEREHE INAMFAA FARASI?

Hapa sasa ndipo penye kiini cha makala haya. Kama mila ilimwokoa farasi, na farasi naye ana haki gani katika mila?

Chukua sherehe ya Soma Nomaoi, huko Fukushima, inayosemekana ina zaidi ya miaka elfu moja. Mamia ya wapanda farasi waliovaa deraya hushindana mbio na kugombea bendera zinazorushwa angani kwa fataki. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi na tsunami viliipiga pwani hiyo, na kituo cha nguvu za nyuklia kikaharibika. Farasi wengine walizama, wengine walikufa njaa baada ya wenyewe kuamriwa kuhama. Hata hivyo mwezi wa Julai mwaka huo huo sherehe ilifanywa, ingawa kwa udogo. Watu waliokuwa wamepoteza nyumba walihitaji kujua kwamba bado wao ni watu wa Soma.

Lakini Julai ya 2023 joto lilizidi. Farasi zaidi ya mia moja waliathirika, na wawili wakafa. Wazee wangeweza kusema, "Tarehe ni ya jadi, haiguswi." Hawakusema hivyo. Mwaka wa 2024 sherehe ilihamishiwa mwezi wa Mei, kabla ya joto kali. Mwaka huo wa 2023, huko Tado katika mkoa wa Mie, farasi alivunjika mguu katika sherehe ambayo farasi hukimbizwa mlimani na kurushwa juu ya ukuta wa udongo, ikabidi auawe. Lawama zikawa nyingi. Mwaka uliofuata ukuta uliondolewa na mteremko ukalainishwa.

Wapo wanaonung'unika kwamba mila imeharibiwa. Nao wana hoja yao, maana mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya sherehe hizi ni ipi, ukuta na tarehe, au heshima kwa farasi? Kwa maoni yangu ni heshima. Aliyebadili tarehe ili farasi asife hajaiacha mila. Ameishika mahali penyewe pa kushikia, kama yule mpiga mishale wa Kamakura, anayeachia hatamu lakini hamwachi farasi wake.

Haya, wanaklabu wenzangu, na walimu wetu pia, mwaonaje? Karibuni tujadili.