Barua 24 Zisizodai Kitu

Mtu aliyekata tamaa ya maisha akikataa kurudi kliniki, hospitali imfanyie nini? Swali hilo lilimshughulisha Jerome Motto, daktari wa magonjwa ya akili wa San Francisco, Marekani. Kuanzia mwaka 1969 yeye na wenzake waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya sonona au hatari ya kujiua. Baada ya kuruhusiwa, 843 kati yao hawakuendelea na matibabu. Hao waligawanywa kwa kura katika makundi mawili: moja liliandikiwa barua, jingine halikuandikiwa.

Barua zenyewe zilikuwa fupi mno. Mtumishi aliyezungumza na mgonjwa alipokuwa amelazwa alimwandikia kwamba muda umepita tangu atoke hospitalini, kwamba wanatumaini mambo yanamwendea vizuri, na kwamba akipenda kuwaandikia watafurahi. Basi. Hazikutaja tarehe ya kliniki, hazikuuliza kuhusu dawa, hazikutoa nasaha. Zilikwenda kila mwezi kwa miezi minne, kisha kila baada ya miezi miwili kwa miezi minane, kisha kila baada ya miezi mitatu kwa miaka minne. Jumla barua 24 katika miaka mitano.

Katika miaka miwili ya mwanzo, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilithibitika kitakwimu. Kadiri barua zilivyopungua, tofauti nayo ilipungua, hadi miaka mingi baadaye ikatoweka. Matokeo ya ufuatiliaji huo mrefu yalichapishwa mwaka 2001.

Maneno machache yanawezaje kufanya kazi nzito namna hiyo? Sisi tunaohudumia wagonjwa wa sonona tunaijua vizuri kauli yao: “Mimi ni mzigo tu kwa watu.” Mwenye wazo hilo akipokea ujumbe unaomtaka afanye jambo, hata liwe la manufaa kwake, anajiona amekuwa deni jingine kwa mtu mwingine. Ujumbe usiotaka chochote hauna njia ya kugeuzwa hivyo. Unabaki na maana moja: kuna mtu amenikumbuka, na hakulazimika.

Miaka mingi baadaye, huko Newcastle nchini Australia, madaktari walijaribu jambo la jinsi hiyo kwa watu 772 waliofikishwa hospitalini baada ya kujidhuru kwa sumu au dawa. Waliochaguliwa walitumiwa kadi nane katika miezi 12. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2005, yalionyesha kuwa mara za kurudi hospitalini kwa kujidhuru tena zilipungua kwa karibu nusu, ingawa idadi ya watu waliorudia haikupungua kwa kiwango kilichothibitika. Si dawa ya kila mtu, lakini kwa gharama ya kadi nane ni faida kubwa.

Ikiwa neno jema lina nguvu hii kwa aliye ukingoni, halishindwi kumwinua aliyechoka tu na siku yake. Kwa nini basi tunalibana? Mwaka 2018 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa waliowahi kuwatendea wema, wakabashiri wapokeaji watajisikiaje. Waandishi walidhani barua zao zingeleta aibu na ugumu zaidi kuliko ilivyotokea, na waliikadiria furaha ya wapokeaji kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Sababu moja ni kwamba anayeandika huhangaika kama maneno yake yamepangika vizuri, ilhali anayepokea hutazama moyo uliomwandikia. Erica Boothby na Vanessa Bohns walikuta hali hiyo hiyo kwa watu waliotumwa kumsifu mtu wasiyemjua: walihofia kumsumbua, naye alifurahi kuliko walivyotarajia.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kikwazo kingine. Salamu za simu zimegeuka utangulizi wa maombi. Mtu akiona “Habari za siku nyingi, ndugu yangu,” anaanza kusubiri shida itakayofuata: ada ya shule, mchango wa harusi, vocha. Kuombana msaada si kosa, ndiko kuishi pamoja. Lakini zitenge salamu nyingine zisiwe na ombi nyuma yake, na useme wazi kuwa ulitaka tu kumjulia hali.

Pia taja jambo lenyewe. Muuguzi wa zamu ya usiku ukimwambia, “Ahsante, ulimweleza mama taratibu mpaka akaelewa,” umempa kitu anachoweza kukiamini, kwa kuwa kweli alikifanya. Sifa ya jumla husahaulika haraka. Usisifu usichokiona, kwa maana uongo mtamu hunusika. Na kwa aliyefiwa au anayeugua, “pole, nakuwaza” inatosha. Mawaidha yasubiri mpaka ayaombe.

Neno jema halichukui nafasi ya matibabu, wala ya mshahara wa haki. Mtu akikuambia anataka kufa, usimwache peke yake: msikilize, wahusishe wa karibu yake, mfikisheni hospitali. Baada ya hapo, akisharudi nyumbani na wageni wakipungua, ndipo ujumbe wako mfupi unapohitajika zaidi.

Basi, msomaji, kabla hujalala leo chagua mtu mmoja aliyekaa kimya siku nyingi. Mwandikie sentensi mbili, mkumbushe jema moja alilolitenda, usimwombe kitu, wala usimdai jibu. Mwezi ujao, mwandikie tena.