Kocha wa lakrosi husoma ripoti ya shule kabla ya kupiga simu

Afrika Mashariki tumezoea kuona vijana wakiingia vyuo vya Marekani kupitia mbio. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya msimu mmoja. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa katika timu ya Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 5,000. Mkimbiaji ana bahati moja kubwa: muda wake ukishaandikwa, kocha aliye mbali anaweza kumpima bila kumtia machoni.

Lakrosi haina kipimo cha namna hiyo. Huu ni mchezo wa fimbo yenye wavu kichwani, ulioanzishwa na wenyeji wa Amerika Kaskazini, wakiwemo Wahaudenosaunee, ambao hadi leo wana timu yao ya taifa. Kwetu bado ni mgeni, ingawa Uganda ilishiriki mashindano ya dunia ya wanaume mjini Denver mwaka 2014, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Mwaka 2028 utarudi kwenye Olimpiki, Los Angeles. Katika majimbo kama Maryland na Massachusetts, ambako familia nyingi kutoka kwetu zimehamia, watoto wanaukuta shuleni, wanaupenda, na mzazi anaanza kujiuliza kama fimbo hiyo inaweza kulipa karo ya chuo. Wengi huanza kwa kuniuliza mtoto anatakiwa awe hodari kiasi gani. Mimi huomba kwanza kuona ripoti ya shule.

Sababu yake iko kando ya uwanja. Nenda kwenye mashindano ya klabu mwezi Juni au Julai, wakati makocha wa vyuo wanapotafuta wachezaji. Viwanja vinane au kumi vinachezwa kwa mpigo, na kocha anahama kutoka kimoja hadi kingine akiwa na orodha mkononi au kwenye simu. Katika orodha hiyo kila mchezaji ana namba ya jezi, nafasi anayocheza, mwaka atakaohitimu sekondari, na mara nyingi wastani wa alama zake. Kocha wa chuo chenye udahili mgumu huchuja orodha kabla ya mechi kuanza. Kijana ambaye wastani wake hautapita anaweza kufunga mabao matano mbele ya kocha huyo na asiandikwe popote.

Aliyebaki kwenye orodha ndiye anayetazamwa, na hapo jicho la kocha huona mengi kuliko mabao. Mabao hutegemea ubora wa wapinzani. Kocha anataka kujua kama kijana hudaka na kupasi kwa mkono wa kushoto sawasawa na wa kulia, kama humkimbilia aliyemnyang'anya mpira au husimama kulalamika, na kama huinama kuwania mpira ulioanguka chini katikati ya fimbo za watu. Kasi haifichiki, na umbo lina uzito wake, hasa kwa mabeki. Kisha kuna hesabu ya nafasi, ambayo huwaumiza wengi bila kosa lao. Timu huchukua kipa mmoja hivi kwa mwaka. Chuo kikishapata kipa wake wa mwaka huo, kipa wa pili anaambiwa asante, hata awe bora namna gani.

Jambo ambalo familia hulijua kwa kuchelewa ni kalenda. Zamani vijana walikuwa wakiahidiwa nafasi vyuoni wakiwa darasa la 9, wengine hata darasa la 8. Mwaka 2017, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kikapitisha kanuni kwamba kocha wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa lakrosi kuhusu usajili kabla ya Septemba 1 ya darasa la 11. Kanuni hiyo ni nzuri, imewapa watoto nafasi ya kukua. Lakini hebu itazame kwa upande wa alama. Siku simu inaporuhusiwa kulia, ripoti ya shule inaonyesha miaka miwili tu, darasa la 9 na la 10. Kijana aliyekuwa mfupi akiwa na miaka 14 anaweza kurefuka na kushangaza makocha msimu mmoja baadaye. Alama mbaya ya hesabu aliyoipata mwaka huo haiondoki.

Miezi kadhaa baadaye hufuata hatua ambayo watu wa nje hawaioni. Kocha hupeleka ripoti ya mchezaji anayemtaka kwenye ofisi ya udahili isomwe kabla ya maombi rasmi, kwa kawaida katika likizo ya kiangazi kabla ya darasa la 12. Ofisa wa udahili hutazama alama, matokeo ya mtihani wa SAT au ACT pale unapodaiwa, na masomo aliyojiandikisha kwa mwaka unaokuja. Ugumu wa masomo hupimwa pia. Chukua viungo wawili wenye wastani uleule wa 3.6 kwa 4. Mmoja alichagua kemia na hesabu za juu, mwenzake akayakwepa. Katika chuo chenye ushindani mkubwa, huyo wa kwanza ndiye atakayepata jibu la matumaini. Kocha anaweza kumtetea mchezaji, lakini nafasi za kutetea ni chache kila mwaka na hawezi kuzitumia zote kwa wenye alama hafifu.

Na fedha? Hapa ndipo ndoto nyingi hukwama. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili usiozidi 12.6 kwa kikosi kizima, na kocha akaugawa vipande vipande. Wachezaji 48 wakigawana sawa, kila mmoja anapata kama robo. Katika chuo binafsi chenye gharama ya dola 80,000 kwa mwaka, robo ni dola 20,000, na familia inabaki na 60,000 za kutafuta. Mwaka 2025, baada ya mahakama kuidhinisha suluhu ya kesi ya House, iliyohusu malipo ya wanamichezo wa vyuo, vyuo vilivyojiunga na suluhu hiyo viliondolewa ukomo wa ufadhili na kuwekewa ukomo wa kikosi: wachezaji 48 kwa wanaume na 38 kwa wanawake. Kanuni inaruhusu kila mmoja alipiwe, lakini kuruhusiwa na kuwa na fedha ni mambo mawili, na lakrosi haiingizi mapato kama mpira wa Kimarekani au kikapu.

Vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi vyenye udahili mgumu, havitoi hata senti moja ya ufadhili wa michezo, na Cornell, kimoja kati ya hivyo, ndicho kilichotwaa ubingwa wa wanaume wa Daraja la Kwanza mwaka 2025. Vyuo vya Daraja la Tatu navyo havitoi, kikiwemo Tufts, mabingwa wa wanaume wa daraja hilo 2024 na 2025. Wachezaji wao husaidiwa kulingana na kipato cha familia, na katika vyuo kadhaa vya Daraja la Tatu kulingana na alama pia. Harvard, kwa mfano, kuanzia mwaka wa masomo 2025/26 haiidai chochote familia yenye kipato cha dola 100,000 kwa mwaka au pungufu na mali ya kawaida. Kwa hiyo mtoto wa muuguzi au dereva anaweza kulipiwa zaidi katika chuo kisichotoa ufadhili wa michezo kuliko katika chuo kinachotoa, almradi alama zake zimfikishe huko.

Usidanganywe na kiwango cha chini. NCAA inadai masomo ya msingi 16 na wastani wa 2.3 ili mtu aruhusiwe kucheza Daraja la Kwanza. Hicho ni kibali cha kucheza, wala hakilazimishi chuo chochote kumpokea mwanafunzi. Ahadi ya kocha kwa mdomo nayo haimfungi mtu, yeye wala kijana.

Mzazi mwenye mtoto darasa la 9, nenda kwa mshauri wa masomo shuleni kwake muhula huu, mhakikishe masomo anayosoma yanahesabika katika yale 16. Na siku kocha atakapopiga simu, pokea kwa heshima, kisha muulize mambo matatu: ofisi ya udahili imeshaisoma ripoti ya mwanangu? Imejibu nini? Na gharama itakayobaki kwetu kwa mwaka ni dola ngapi? Omba jibu la hilo la tatu kwa maandishi.