Sauti Inavyosoma Tope la Ziwa Victoria

Mashapo yaliyo chini ya Ziwa Victoria yamelala tabaka juu ya tabaka, na njia ya haraka ya kuyachunguza ni kuyapigia sauti. Chombo kinachokokotwa na boti hutoa mlio mfupi kuelekea chini. Sehemu ya mlio hugonga sakafu ya ziwa na kurudi. Sehemu nyingine hupenya topeni, na kila inapokutana na tabaka lenye ugumu tofauti hurudisha mwangwi mwingine. Majini sauti husafiri karibu mita 1,480 kwa sekunde, hivyo mwangwi unaorejea baada ya sekunde 0.04 umetoka kina cha mita 30 hivi. Boti inavyosonga, miangwi hiyo hupangwa pamoja hadi itoe mchoro wa matabaka.

Mlio mwembamba wa kilohezi 200 huonyesha sakafu tu. Mlio mzito wa kilohezi 3.5 hupenya makumi ya mita za tope laini. Adui yake ni gesi ya mimea iliyooza: mapovu huitawanya sauti, na yaliyo chini yake hayaonekani tena.

Kwa njia hiyo mtafiti Thomas Johnson na wenzake walitangaza mwaka 1996 jambo la kustaajabisha: mchoro ulionyesha tabaka gumu lililoenea chini ya tope hata katika kina kirefu cha ziwa. Sampuli zilizochorongwa zilithibitisha kuwa ni udongo wa nchi kavu. Ziwa lote lilikuwa limekauka, likaanza kujaa tena zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Hapo ndipo ulipozuka mjadala mkali wa wanabiolojia: je, mamia ya spishi za furu, samaki wa ziwa hilo, yangeweza kutokea katika muda mfupi kiasi hicho?

Kwa bandari za Mwanza suala ni la karibu zaidi. Mwamba wa mji huu ni matale, yale yanayochomoza majini kama Jiwe la Bismarck, na mengine yanaweza kuwa yamefunikwa na tope. Anayetaka kuongeza kina cha gati au kusimika nguzo lazima ajue tope linaishia wapi. Sauti humwonyesha mahali pa kuchoronga, lakini haimwambii kama tabaka ni mchanga au mfinyanzi. Mchoro usiothibitishwa kwa sampuli hautoshi kujengea gati.