Gorila wa Kahuzi: Wakongo walio nyuma ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto

Mwaka 2001, kitabu cha wanasayansi kuhusu maisha ya gorila kilichapishwa na Cambridge University Press huko Uingereza. Sura moja inayohusu gorila wa mbuga ya Kahuzi-Biega, Kivu Kusini, ina majina mawili ya waandishi. La kwanza ni la Juichi Yamagiwa, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. La pili ni la John Kahekwa, Mkongo aliyeanza kazi katika mbuga hiyo mwaka 1983, akifuata nyayo za gorila na kuwaongoza wageni msituni.

Jambo hilo halionekani mara nyingi. Katika utafiti wa tabia za wanyama, anayejulikana duniani ni yule anayeandika. Yule anayemwonyesha njia, anayejua gorila wamelala wapi jana na yupi ni mama wa yupi, mara nyingi hutajwa kwenye shukrani tu, na wengine hawatajwi kabisa.

Habari hii inawahusu pia wakaaji wa Mitwaba, Haut-Katanga. Kituo cha Lusinga, cha mbuga ya Upemba, kiko katika eneo lao. Uchunguzi mkubwa wa wanyama na mimea uliofanywa Upemba kati ya 1946 na 1949 ulizaa vitabu vingi, na vyote vinaitwa kwa jina la mtu mmoja: Mbelgiji Gaston-François de Witte. Kahuzi ilichukua njia nyingine, ingawa deni lake bado halijalipwa lote.

Kila mnyama na jina lake

Utafiti wa Kyoto ulianzia mbali na Congo. Mwaka 1948, Kinji Imanishi na wanafunzi wake walianza kufuata nyani wa porini huko Japani. Walimpa kila nyani jina, wakaandika nani ni mtoto wa nani, nani anagombana na nani, na nani anamkimbilia nani akiogopa. Wakati huo wanasayansi wengi wa Ulaya na Marekani waliona kwamba kumpa mnyama jina ni mchezo wa watoto. Leo karibu wote wanafanya hivyo.

Mwaka 1958, Imanishi na mwanafunzi wake Junichiro Itani walikuja Afrika kutafuta gorila. Matatizo ya Congo ya mwaka 1960 yaliwafanya Wajapani waelekee Tanganyika, nchi ambayo sasa ni Tanzania. Mwaka 1965, Toshisada Nishida alianza kufuata sokwe huko Mahale, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya maji ya Kalemie na Moba. Miaka ya 1970, Takayoshi Kano aliingia Congo yenyewe, akazunguka kwa baiskeli akitafuta bonobo, mpaka akaweka kambi katika kijiji cha Wamba.

Yamagiwa, aliyefundishwa na Itani, alifika Kahuzi mwaka 1978. Alikuta mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970 kwa bidii ya Mbelgiji Adrien Deschryver. Alikuta pia kituo cha utafiti cha Lwiro, umbali wa zaidi ya kilomita 40 kutoka Bukavu, kilichojengwa na Wabelgiji baada ya 1947 na ambacho leo kinaitwa CRSN. Zaidi ya yote, alikuta gorila waliokwisha kuzoeshwa kuona watu.

Kazi hiyo ya kuzoesha ilifanywa kwa miguu na macho ya wafuata nyayo, wengi wao Batwa, watu waliozaliwa na kukulia katika msitu huo. Deschryver asingewafikia gorila bila wao. Na bila gorila waliozoea watu, wanafunzi wa Kyoto wangerudi kwao na daftari tupu.

Siku inaanzia kitandani

Kazi ya kila siku haina mashine nyingi. Gorila hutengeneza kitanda kipya cha majani na matawi kila jioni. Kwa hiyo wafuata nyayo huanza asubuhi pale walipowaacha jana, wakatafuta vitanda, wakavihesabu. Mavi yaliyoachwa kitandani yanaeleza mengi: ukubwa wake unaonyesha kama aliyelala ni dume mkubwa, jike au mtoto. Yakioshwa kwa maji juu ya chekecheke, mbegu zinabaki na kuonyesha matunda yaliyoliwa.

Halafu wanafuata njia: jani lililovunjwa, mmea uliomenywa, udongo uliokanyagwa. Wakiwafikia gorila, wanawatambua kwa sura, hasa kwa mikunjo ya pua, ambayo haifanani kwa gorila wawili. Majina yanaandikwa. Kesho kazi inaanza tena, na mwezi ujao vilevile. Thamani ya utafiti huo ni miaka. Mwezi mmoja hausemi kitu.

Mfano mmoja unaonyesha faida yake. Dume mkubwa, yule mwenye mvi mgongoni, ndiye anayelinda kundi. Kwa gorila wa milima ya Virunga, ilijulikana kwamba dume huyo akifa bila mrithi, kundi huvunjika, na watoto wachanga wanaweza kuuawa na dume mgeni. Huko Kahuzi, majangili waliua madume kadhaa. Maheshe, aliyejulikana sana na watalii, aliuawa mwaka 1993. Watafiti walitazamia mambo ya Virunga.

Mambo yakawa mengine. Majike na watoto waliofiwa walibaki pamoja kwa muda mrefu bila dume. Na wahesabu vitanda wakaona jambo ambalo mgeni wa wiki moja asingeliona: majike waliokuwa wamezoea kulala chini sasa walipanda kulala juu ya miti. Dume mwingine alipojiunga nao, wakaanza tena kulala chini. Usingizi wa ardhini, kumbe, ulikuwa ishara ya kumwamini mlinzi. Ugunduzi huo uliingia katika majarida ya sayansi mwaka 2001, na unasaidia wanaojiuliza binadamu wa kale walianza vipi kushuka mitini na kulala chini.

Kisha, miaka ya baadaye, watoto waliuawa na dume huko Kahuzi pia. Yamagiwa, Kahekwa na Augustin Basabose waliandika pamoja mwaka 2009 kwamba tabia hiyo hubadilika kufuatana na hali ya makundi. Waliokuwa wameandika kwamba haipo ndio waliorudi kueleza kwamba sasa ipo.

Mtafiti wa Lwiro

Basabose ndiye mwakilishi wa kizazi cha watafiti Wakongo waliotoka Lwiro. Alifuata sokwe wa Kahuzi, wanaoishi katika msitu uleule na gorila, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kyoto. Swali lake lilikuwa rahisi kuuliza na gumu kujibu: wanyama wawili wakubwa, wote wanapenda matunda, wanaishije bila kupigania mti mmoja?

Jibu ambalo yeye na Yamagiwa walichapisha mwaka 2006 lilitokana na miaka 8 ya kufuatilia. Sokwe wanarudi mara kwa mara kwenye miti ya matunda wanayoijua. Gorila wanapita, wanakula kidogo, wanaendelea, na matunda yakikosekana wanashiba kwa majani na magome. Hivyo mmoja anamwachia mwenzake nafasi.

Miaka mingi kati ya hiyo ilikuwa ya moto. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kivu. Mwaka 1996 vita vikaanza, vikarudi 1998, na kufikia mwaka 2000 bei ya koltani iliwavuta wachimbaji ndani ya mbuga. Mtafiti wa kigeni akifungiwa njia hubaki kwao. Mfuata nyayo nyumba yake iko pembeni ya msitu.

Hesabu za wanyama zinaeleza hasara. Katika sehemu ya juu ya mbuga, gorila walikuwa karibu 260 mwaka 1990. Miaka kumi baadaye walibaki karibu 130. Kwa aina nzima ya gorila hawa, ambao wanapatikana Congo peke yake, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulisema wameshuka kutoka 17,000 hadi 3,800. Hesabu mpya ya 2021, iliyofikia misitu ya mbali zaidi, iliwaweka kwenye 6,800. Bado ni wachache.

Tumbo la jirani

Kahekwa aliona mapema kwamba gorila hawatapona kama jirani wa mbuga ana njaa. Mwaka 1992, yeye na wenzake walianzisha Pole Pole Foundation, yaani POPOF. Majangili wa zamani walifundishwa kuchonga sanamu, wake zao kushona. Miti ilipandwa nje ya mbuga ili watu wapate kuni na makala bila kuingia msituni, na shule ikajengwa. Baadaye shirika likaanza kulima spirulina, chakula cha majini chenye nguvu kwa watoto wenye utapiamlo. Mwaka 2021 POPOF ilikuwa kati ya waliofika fainali ya tuzo ya Earthshot.

Yamagiwa kwa upande wake alipanda cheo hadi kuwa rekta wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kuanzia 2014 hadi 2020. Basabose alifanya kazi na mpango wa kimataifa wa kulinda gorila, IGCP, kisha akaongoza shirika la Wakongo la utafiti wa wanyama hao, Primate Expertise.

Deni lililobaki

Lakini wako ambao elimu hiyo haikuwainua. Batwa, waliofundisha wageni kusoma msitu, walifukuzwa humo wakati mbuga ilipoundwa na kupanuliwa miaka ya 1970. Wengi walibaki bila shamba pembeni ya ardhi ya babu zao. Tangu 2018 baadhi yao walirudi msituni. Kukawa na mapigano na walinzi wa mbuga, watu wakafa pande zote mbili, na miti mingi ikakatwa kwa ajili ya makala.

Mwaka 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba serikali ya Congo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Iliitaka iwarudishie ardhi, iwalipe fidia na kuwaomba radhi hadharani. Miezi michache baadaye, Februari 2025, wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Bukavu, na kila jambo la mbuga likazidi kuwa gumu.

Upemba nayo inajua vita. Wanamgambo wamewahi kushambulia hata Lusinga. Lakini huko ndiko waliko pundamilia wa mwisho wa porini nchini Congo, na Lubumbashi iko UNILU yenye kitivo cha udaktari wa mifugo. Siku mwalimu na wanafunzi wake watakapoamua kufuata pundamilia hao mwaka baada ya mwaka, mtu wa kwanza watakayemhitaji ni mkaaji wa Mitwaba anayejua wanakunywa maji wapi wakati wa kiangazi. Kahuzi imeonyesha kwamba jina la mtu huyo linaweza kuandikwa juu ya ukurasa. Imeonyesha pia yanayotokea pale jina linapoandikwa na ardhi ikasahauliwa.