Anika Mboga Kabla Boom Halijakata

Geto langu liko Mwembesongo. Masika yakiisha, mchicha na majani ya kunde hujaa bustanini mpaka jirani anakugawia bure. Ikifika Septemba, kiangazi kimekaza, fungu limepanda bei na boom limekata. Ndiyo maana nakausha.

Mwaka wa kwanza nilianika juu ya bati. Majani yakawa kahawia, nikayafunga yakiwa na unyevu, yakaota kuvu. Nikatupa yote.

Mama mwenye nyumba akanielekeza. Osha majani, yatumbukize kwenye maji ya chumvi yanayochemka kwa dakika 2 au 3, chuja. Joto hilo huzima vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha. Tandaza kwenye ungo, funika kwa kitambaa chepesi (siyo chandarua cha mbu, kina dawa), weka kivulini penye upepo. Jua kali hupunguza vitamini A. Geuza kila siku. Yakivunjika mkononi, yako tayari: pasipo maji, kuvu haioti. Tia kwenye chupa kavu, kaza mfuniko.

Siku ya kupika, loweka, ongeza karanga za kusaga. Ugali unashuka, na hujakopa mtu.